Maneno ya Hervé bado hayajafika Ganshoren

Saa mbili na robo asubuhi, mvua nyembamba inanyesha kwenye uwanja wa Flagey, Brussels. Nuru Kabura anaegesha kigari chake cheupe kando ya kituo cha tramu, anashuka, anaipita baiskeli iliyolala chini kana kwamba hajaiona.

Anayemtafuta ni mwenye baiskeli. Ni mama wa Kikongo aitwaye Yolande, mhudumu wa wazee, amesimama chini ya paa la kituo akiwa ameshika kiwiko.

"Maman, jambo. Ulilala muzuri?" Nuru anamuuliza.

Yolande anashangaa. Mnyororo umekatika, kazini anachelewa, amepiga simu kuomba fundi, na fundi amekuja kumuuliza habari za usingizi.

"Nililala bien, dada. Alors, kinga yangu ni hii hapa," anajibu. Kinga ni baiskeli, kwa Wakongo na Warundi.

"Kinga itangoja. Ulianguka?"

"Kidogo tu, mu rails ya tram. Mais niko bien."

"Unaitwa nani? Leo ni siku gani? Asubuhi ulikula nini?"

"Eh! Uko police?" Yolande anacheka. "Yolande. Leo ni mardi. Nilikula mukate na chai."

Nuru anamtazama usoni. Kisha anaipakia baiskeli ndani ya gari na kumfungulia mlango. Yolande analalamika kwamba mnyororo ni kazi ya dakika kumi, na kwamba kuna wazee mtaa wa Uccle wanamngoja awaogeshe.

"Hapana, maman. Mwenye kuanguka, mimi ninamubeba," Nuru anasema. "Kinga nitaitengeneza tukifika."

Hiyo ndiyo kazi yake. Wapo watu wa jiji hili wanaolipa ada kila mwaka ili baiskeli ikiwafia njiani wasiachwe wakiiburura mvuani. Ukipiga simu, fundi anakuja. Kama ni pancha anatia kiraka, kama haitengenezeki anakupeleka nyumbani, wewe na baiskeli yako. Kampuni anayofanyia kazi Nuru ina mafundi tisa, na mwanamke ni yeye peke yake.

Ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu na Kiswahili jijini Bujumbura, ambako baba yake alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko. Akiwa na miaka kumi na miwili tayari aliweza kunyoosha gurudumu lililopinda. Vita vilimtoa huko, na Ubelgiji ilimpokea kwa fagio: alisafisha maofisi miaka sita kabla hajapata kozi ya ufundi. Leo analipwa euro 2,050 kwa mwezi. Euro 980 zinaishia kwenye kodi ya vyumba viwili mtaani Ixelles, na zinazobaki zinamlisha yeye na watoto wawili anaowalea peke yake.

Zamani Nuru hakuwa akiuliza watu walilala vipi. Mwenyewe anakiri. Simu ya kampuni ina vitufe viwili vya kufungia kazi, kimoja cha baiskeli iliyotengenezwa papo hapo, kingine cha mteja aliyepelekwa nyumbani. Wakubwa wanakipenda cha kwanza, maana safari moja ya kumrudisha mtu inakula muda wa wateja watatu. Nuru alikuwa nyota wao. Kuna siku alihudumia watu kumi na wanne.

Haraka haraka haina baraka, tunaambiwa tangu utotoni, halafu tunakua na kuajiriwa.

Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana aliitwa kumsaidia Hervé, mwalimu mstaafu wa jiografia, umri miaka sitini na saba. Mzee alikuwa ametoka sokoni Flagey akirudi kwake Ganshoren, upande wa pili wa jiji. Gurudumu la mbele liliingia kwenye reli ya tramu, akaanguka, rimu ikapinda na tairi likatoboka.

Nuru alinyoosha rimu, akatia kiraka, akajaza upepo. Dakika kumi na nane. Wateja watatu walikuwa wakingoja kwenye simu. Alimuuliza mzee kama yuko sawa, mzee akasema yuko sawa, na Nuru akabonyeza kitufe cha kwanza. Hervé alikuwa na haki ya kupelekwa mpaka mlangoni pake bila kuongeza hata senti. Nuru hakumkumbusha.

Saa moja baadaye wapita njia walimkuta ameketi kwenye benchi karibu na kanisa kuu la Koekelberg, kofia yake ngumu mapajani, hawezi kutamka neno. Damu ilikuwa imevujia ndani ya kichwa. Alifariki hospitali jioni ile ile.

"Gurudumu nililipima mara mbili," Nuru anasema. "Ye muntu, sikumupima hata mara moja. Alikuwa anashikashika kichwa, nikazani anapanga kofia yake vizuri."

Mwandishi wa makala haya, akidhani anafariji, alimkumbusha kwamba wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nuru alimtazama mpaka akaona haya.

"Hakuficha kitu," alisema. "Alinionyesha kwa mukono. Mimi ndiye sikuangalia."

Kampuni ilifanya uchunguzi. Ilionekana Nuru alifuata taratibu zote, na faili likafungwa. Lakini kabla halijafungwa alionyeshwa barua iliyokuwa ndani yake. Ilitoka kwa mke wa Hervé, imeandikwa kwa mkono, na haikudai fidia. Mama huyo alikuwa na maswali mawili tu. Nani alikuwa na mume wangu mara ya mwisho? Je, alisema chochote?

Kampuni ilimjibu kwa mistari miwili kwamba huduma ilitolewa kulingana na mkataba.

Ukweli ni kwamba Hervé alisema mengi. Alizungumza dakika zote kumi na nane, na aliyemsikia ni Nuru peke yake. Wala si maneno ambayo angeweza kuyaacha yapotee. Kwao Buyenzi, anasimulia, mtu aliyekuwa na marehemu mwisho hangoji kuitwa. Anakwenda msibani, anakaa mkekani, anawaeleza wafiwa alimkutaje, alikuwa na hali gani, alitamka nini. Hata kama ni kuomba maji, anasema. Wafiwa wakilia, analia nao.

Bosi wake alimkataza. Alimwambia ukienda kwa familia utaonekana umekubali kosa, na ikifika hapo kampuni haitaweza kukulinda wala kukubakiza kazini. Akampa karatasi ya kuahidi kwamba hataitafuta familia hiyo. Nuru akawafikiria watoto wake, akatia sahihi.

Hiyo ilikuwa miezi kumi na moja iliyopita. Tangu hapo wito wowote wa Ganshoren anampa mwenzake Tshibangu, fundi kutoka Kolwezi, ambaye anaupokea na haulizi sababu. Tangu hapo pia kila aliyeanguka anapandishwa garini, apende asipende, na bosi ananung'unika kuhusu mafuta.

Kinachomuumiza zaidi ni simu za mama yake aliyeko Bujumbura. Bibi huyo ana miaka themanini, na kila Ijumaa swali lake ni moja.

"Anauliza, umekwenda? Namwambia, mama, hapa kazi itaisha. Ananiambia, maneno ya maiti si yako, Nuru. Wewe ulipewa uyapeleke, ukayaweka kabatini."

Akifika hapo Nuru anashika usukani kwa mikono miwili. Tuko njiani kwenda Uccle, yeye, Yolande na mimi mwandishi, tumesimama kwenye taa, nyekundu imekuwa kijani, na gari la nyuma linapiga honi. Ni vigumu kumtazama mtu mzima akilia bila kutoa sauti.

Uccle, mbele ya nyumba ya wazee, Yolande anashuka. Nuru anafunga mnyororo mpya, anajaribu breki, anamwomba akimbie hospitali iwapo kichwa kitauma. Yolande anamkumbatia.

"Merci, dada. Huku Ulaya hakuna muntu anaulizaka kama ulilala," anasema, anaingia kazini.

Nuru anabaki kando ya gari. Ndipo anaposimulia alichoambiwa siku ile. Anasema ameamua kukisema kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kifaransa bado hakimtoki.

"Nilikuwa najaza upepo tairi la mbele. Akaniambia, pompe encore, madame, jaza tena, mke wangu anasema nimenenepa, nimekuwa wanaume wawili. Miaka quarante et un, arobaini na moja, ananipikia, leo ndiyo ananilaumu! Akacheka, akacheka sana. Akanionyesha mboga za supu ndani ya mufuko. Akasema, ananingoja, na mimi sijapata kuchelewa supu yake hata siku moja. Akapanda, akaenda anaimba. Bon. Ni hayo tu. Lakini ni ya yule maman, si yangu."

Jumamosi hii ameomba ruhusa. Tshibangu atashika zamu yake. Bosi hajaambiwa kwamba anakwenda Ganshoren, ingawa Nuru anaamini atajua, na kwa hilo amekwisha kujiandaa: alifanya usafi miaka sita, anasema, mikono haijasahau. Watoto amewaeleza. Sentensi zake za Kifaransa ameziandika kwenye karatasi, na ya kwanza kabisa inasema alipaswa kumpeleka mzee nyumbani na hakumpeleka.

Na kama mama huyo, akishaisikia hiyo ya kwanza, hatataka kusikia zaidi?

"Ni haki yake. Akifunga mulango, nitaongea na mulango," Nuru anasema, anapanda garini. "Lakini haya maneno hayatarudi na mimi."