Robo Inchi Huku, Robo Inchi Kule

Jumamosi ya pili ya Juni, mwaka 1991, nilikuwa barazani kwetu, mlimani juu ya Moshi, nikipuliza makaa ya pasi. Hata leo, harufu ya kitambaa cha pamba chenye unyevu kinapoguswa na chuma cha moto hunirudisha kwenye baridi ya asubuhi ile.

Kinamama wa usharika walikuwa hapo wakimshonea mwinjilisti wetu, aliyekuwa akihamishwa, blanketi la viraka la kitanda cha futi tano kwa sita. Mama yangu ndiye aliyekuwa mkataji. Aliishia darasa la nne, lakini mkasi ulimtii, na kukabidhiwa mkasi wa kikundi ilikuwa heshima aliyoibeba kimyakimya. Kila pande lilikuwa na viraka tisa, tatu kwa tatu. Kiraka kikishashonwa kilipaswa kubaki inchi nne, ili mapande matano yafikishe inchi sitini, upana wa kitanda.

Mshono hula robo inchi ya kila kitambaa, hivyo huhitaji nyongeza, na hapo Mama alifuata busara ya kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kwetu majirani wawili hugawana mpaka mmoja wa masale, mimea ya kupandwa mipakani. Basi, aliona, vitambaa viwili navyo vinagawana mshono mmoja. Akaongeza robo inchi moja tu kwa kila kiraka.

Mstari wa kwanza wa mapande matano ulipotandikwa, ulipungua inchi tatu na robo.

“Wifi,” alisema Mama Aika, mwenyekiti wa kikundi na dada yake baba, “hili blanketi ni la mwinjilisti au la kitinda mimba wake?”

Wakacheka wote isipokuwa Mama. Mashati ya mitumba tuliyoyafumua, yaliyonunuliwa sokoni Kiboriloni, yalitosha kukatwa mara moja tu zaidi. Mama Aika akasema kwa upole, jambo lililouma kuliko kicheko, kwamba huenda mkasi upelekwe kwa fundi wa sokoni.

Mimi, mwenye miaka kumi na moja, nilikuwa nimeacha pasi na kuchora viraka sakafuni kwa mkaa.

“Ndeshi, unajisemea nini?” Mama akauliza.

“Mama, kiraka kina jirani huku na jirani kule. Kinatoa robo mara mbili.”

“Shule hiyo inaongea,” akatania mmoja wao. “Muulize na ng'ombe anatoa maziwa mara ngapi.”

Mama hakucheka wala hakunikemea. Aliufuata mchoro kwa kidole, akachukua chaki yake ya kukatia, akaniwekea kiganjani mbele yao wote. “Nipimie.”

Nilipima inchi nne na nusu. Mama akakata viraka tisa, akavishona kwa cherehani, nami nikapiga pasi. Mama Aika mwenyewe ndiye aliyenyoosha futi kamba.

“Kumi na mbili na nusu,” akasoma. “Hiyo nusu ya nini?”

“Ya majirani wa nje, shangazi: mapande ya huku na kule.”

Akapima tena. Kisha akausukuma mkasi mezani mpaka mkononi mwa Mama. “Kata, wifi. Kata yote.”

Miaka mingi nilijisimulia ushindi ule kama wangu. Nilihitaji kusoma mpaka chuo, na kusahihishwa na wanafunzi wangu mwenyewe, ndipo nijue ilivyo vigumu kumpa mtoto chaki mbele ya watu wanaosubiri ukosee. Hesabu niliipiga mimi. Ujasiri ulikuwa wake.

Wiki tano baadaye nilimwandikia baba, aliyekuwa akifanya kazi Tanga:

“Baba, shikamoo. Sisi hatujambo. Blanketi limeisha na limefika kingo zote za kitanda. Viraka vya kwanza, vilivyokatwa vidogo, tumeshonea foronya. Mama ndiye aliyekata, na mkasi bado uko kwetu. Mimi ndiye niliyepiga hesabu. Nilitaka kuandika kwamba tulipiga wote wawili, lakini Mama ameusoma mstari huo na kuniambia niufute, niandike ilivyokuwa.”