Swali nililomuuliza yeye peke yake

Leo nimemnyima kazi binti aliyestahili.

Mimi ni mjiolojia kwenye mgodi mmoja huku Geita, mwanamke pekee kwenye idara yetu. Asubuhi nilikaa na wenzangu wawili, wanaume, kusaili vijana wa kushuka chini kuchukua sampuli za miamba.

Wakapita vijana wawili wa kiume. Kisha akaingia Nyamizi, binti wa Ushirombo. Alijibu vizuri kuliko wote.

Nikamuuliza, "Ukishazaa, kweli utaendelea kushuka shimoni?"

Akanitazama kwa upole. "Samahani, mama. Wale kaka waliotangulia mmewauliza hivyo?"

Wenzangu wakacheka. Nikaona aibu.

"Hapa tunauliza sisi," nikamwambia.

Swali hilohilo niliulizwa mimi kwenye usaili wangu, nikaenda kulia chooni. Nilipata kazi, lakini mpaka leo nikishuka chini nahisi kuna mtu anasubiri nikosee.

Binti alipotoka, mmoja wa wenzangu, mwenyekiti wa usaili, akasema, "Mimi namtaka huyu. Ila wewe mwanamke mwenzake ndiye unajua ugumu wa kule. Unasemaje?"

Yaani nilipewa nafasi kabisa ya kurekebisha.

"Hafai," nikasema. "Ana mdomo." Nikasaini.

Jioni nimemkuta getini anasubiri bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza, nina matumaini?"

"Umejitahidi sana, mwanangu," nikamwambia. "Tutakupigia."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru.

Haya, nisemeni kwenye maoni hapo chini. Sifuti hata neno moja.