Boksi ambayo Dani aliokota nyuma ya stoo: wenye mnatengeneza mask na watoto, someni

Wakuu, hamjambo. Sitaongeza chumvi hapa, naandika vile nyanya yangu mwenyewe aliniambia.

Nikiwa class four hapa Litein, mwalimu alitufundisha kutengeneza mask za Kiafrika na boksi. Nikafika nyumbani nimeivaa.

Nyanya yangu, tulimwita Dani, akaninyang'anya akaitupa kwa moto. Halafu akakaa chini akalia. Kesho yake ndio alinieleza.

Miaka ya thelathini baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai Kericho. Waliishi kambi ya wafanyakazi. Dani alikuwa na miaka kama tisa, na yeye ndiye aliangalia mdogo wake, Akinyi, wa miaka minne.

(Toys hakukuwa. Mtoto alicheza na chenye ameokota.)

Siku moja akapata boksi ngumu, safi, nyuma ya stoo ya shamba. Ndani kulikuwa na unga mweupe kidogo. Akaukung'uta.

Akakata mask mbili, akatoboa macho, akapaka masizi. Kamba hakuwa nayo, kwa hivyo aliacha kipande kimetokeza mdomoni, cha kushika na meno.

Yake hakuivaa, alikuwa na vyombo vya kuosha. Akinyi alishinda na yake asubuhi yote, akiitafuna.

Saa sita akaanza kutapika. Mama akambeba mbio kwa dresa wa kambi, yule aliyetibu wafanyakazi.

"Amekula nini?"

"Uji tu," mama akasema.

Dani alikuwa amesimama hapo na mask ya mdogo wake mkononi. Dresa akaichukua, akaigeuza, akasoma Kizungu kilichokuwa nyuma.

"Nani alileta hii? Hii ni boksi ya sumu ya nzige!"

Jua halijazama, Akinyi akafa.

Baba hakumchapa Dani. Aliuliza tu, "Hukuona hayo maandishi?"

Akajibu aliyaona. Alidhani ni maua ya kupamba boksi.

Hata baba mwenyewe hakujua kusoma.

Dani alienda gumbaru, shule ya watu wazima, akiwa tayari na wajukuu. Mwalimu alitaka kumwanzishia jina lake. Akakataa. Akaomba aandikiwe kwanza "poison", sumu kwa Kizungu.

Wazazi na teachers, ulizeni boksi ilibeba nini kabla ya kushika makasi. Nyinyi huwa mnatoa wapi zenu? Na kama kwenu kuna kisa cha dawa za shamba, kiweke hapo chini. Nitasoma zote.