Mume Wangu Alimpelekea Baba Maji Akingoja Yawe Divai

Mhariri, nifichie jina langu na la kanisa letu, maana ukurasa huu unasomwa mpaka na akina dada wa kwaya. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mgiriama wa Kaloleni. Nimeolewa hapa Malindi, tumepanga chumba Kisumu Ndogo, na Mungu ametupa mtoto mmoja wa kike. Mume wangu ni dobi katika hoteli ya pwani. Hanywi, havuti, hanipigi. Ameokoka, nami nimeokoka. Ndiyo maana nikilalamika watu huniona sina shukrani.

Tulifunga ndoa kanisani, lakini kwetu mimi bado sijaolewa. Mume wangu alitoa mahari yote isipokuwa kadzama, lile tembo la mnazi ambalo mkwe hulileta kwa mkono wake mwenyewe. Wazee hulinywa, kisha baba hutia funda kinywani na kumpulizia bintiye kifuani huku akimtakia heri. Huko ndiko kuhaswa. Mimi sikuhaswa, na mwanangu huhesabiwa mtoto wa mji wa baba yangu. Mchungaji wetu amekataza katakata: aliyeokoka hashiki pombe, hata kwa kuibeba tu. Baba naye hataki kitu kingine badala yake. Tulipompelekea kreti za soda aliniita kando.

"Huyo Yesu wenu alipoalikwa arusini alitoa divai," akasema. "Huyu wako mbona aniletea soda ya machungwa?"



Mwaka huu baba ameshikwa na maradhi ya kifua. Kila nikienda namkuta amepungua. Nikamwambia mume wangu, "Mwenzangu, mzee anaondoka. Peleka tembo, Mungu atatusamehe." Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Lakini Jumapili iliyofuata mchungaji akahubiri arusi ya Kana. Alisema wale watumishi waliambiwa wajaze mabalasi maji, wakajaza bila kuuliza, na utii wao ndio uliofungua muujiza. Divai ile, akasema, ilikuwa tamu na haikuwa na kilevi. Mume wangu alitoka kanisani uso unang'aa. Akafunga na kuomba, kisha akaniambia, "Mjulishe mzee. Jumamosi naenda na kadzama." Nilimkumbatia nikalia. Nilidhani moyo wake umelainika.

Jumamosi ile mamangu alichinja kuku. Baba alitoka kitandani, akavaa shuka safi, akaketi na wazee wenzake akicheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu augue. Mume wangu akatua madumu mawili yaliyofungwa vitambaa vyeupe. Mzee mmoja akajaza kibuyu, akatia mrija wake, akavuta. Akautoa mrija, akautazama, akavuta tena.

"Ee mwenye mji," akasema, "mbona haya ni maji?"

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza. "Fungua la pili, mzee," akasema. "Fungua kwa imani." Dumu la pili nalo likawa maji, tena ya bomba la hapa kwetu Malindi. Baba akasema polepole, "Mkwe, umenifanya mtoto mbele ya wenzangu." Akarudi ndani akishika ukuta. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke.

Mnadhani aliniomba radhi? Ndani ya basi alininong'oneza kwamba muujiza ulikuwa njiani, ila mimi nilitia shaka, na Petro alizama majini kwa shaka. Nilitia shaka wapi, ndugu zangu? Mimi nilijua ni tembo! Nikamwuliza, "Wale watumishi wa Kana waliambiwa na Yesu mwenyewe. Wewe ulitumwa na nani?" Akajibu kwamba mke mtii habishani. Nami Biblia naisoma. Naamani alipoambiwa akajichovye mtoni alikasirika, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa jepesi na yeye alitaka kubwa. Ndivyo alivyo mume wangu. Kumwomba Mungu ageuze maji anaweza, lakini kumheshimu mgonjwa kwa dumu la tembo kunamshinda. Hata mama mwenye nyumba wetu, Mwislamu wa Mambrui, alishika kichwa. "Mwanangu," alisema, "tembo kwetu ni haramu, lakini hata mimi najua wakwe hawapelekewi maji ya bomba."

Sasa baba ametoza kadzama nyingine kuwa faini ya dharau ile. Hali yake imezidi kuwa mbaya, haketi tena bila kushikwa. Mama ameniletea ujumbe kwamba ninunue tembo mwenyewe kwa mgema wa jirani yao, naye atamwambia baba limetoka kwa mkwe aliyejuta. Baba ataamini, maana anataka kuamini. Lakini mume wangu amehisi jambo. Ameapa kwamba tembo likifika kule kwa jina lake, nibaki hukohuko, na yeye akishaapa harudi nyuma. Nami naogopa baraka iliyopatikana kwa uongo. Itanishika kweli?

Nimechoka kuambiwa nitii. Baba anataka nimtii, mume anataka nimtii, mchungaji naye kila Jumapili ni hayohayo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini. Nataka baba anipulizie kifuani angali na pumzi ya kupulizia, kisha nirudi kwangu kwa mume wangu ambaye, pamoja na ukaidi wake wote, nampenda. Nyinyi mliopitia ndoa na imani, nielekezeni: nilinunue tembo hilo, au nikae kimya? Mwenye neno asilicheleweshe. Mzee hangoji toleo lijalo.