Spika za Kumsikia Dada

Dada yangu alikuwa na miaka miwili kaburini Baba aliponiomba nimtafutie spika. Tuliishi Makadara, nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa amestaafu udereva, nami nilikuwa karani mjini. Dada aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, na miezi michache kabla hajafa kwaya ilirekodi nyimbo zake kwenye kaseti. Kila Jumapili, Mama akiwa bado kwenye mkutano wa akina mama, Baba aliitia kaseti ile kwenye redio yetu ndogo, akainama na kutega sikio.

"Wote nawasikia," aliniambia siku moja, "ila yeye simpati. Haka karedio hakana kifua."

Nilikuwa nimenunua kinanda cha kaseti na amplifaya yake kwa mwenzangu wa kazini aliyehamishwa. Zilibaki spika. Jumamosi iliyofuata tukaingia mjini, tukakuta jozi iliyoniteka macho: ndefu, zimepigwa vanishi hadi unajiona uso. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitatu, na bado nikaanza kuwaza nani wa kukopa. Baba hakuuliza bei. Aligonga ubavu wa moja kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji. Ikalia kama debe tupu.

"Twende," akasema.

Alinipeleka kwa rafiki yake, Mkamba aliyekuwa akichonga vinyago kabla ya kugeukia kabati na meza, mwenye karakana nyuma ya bucha za Soko la Burma. Yule mzee alitusikiliza huku akipiga randa.

"Sanduku la spika si la kuimba," akasema. "Ubao ukiwa mwembamba unatetemeka, unamfunika mwimbaji. Nileteeni koni nzuri, zile za ndani zinazotoa sauti, pesa ziishie hapo. Mimi nitawapa mbao nene, nizikaze kwa mihimili ndani, nijaze sufi ya godoro. Lakini mjue, zitakuwa nzito, na urembo hazina."

Hesabu ilikuja nusu ya bei ya dukani. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikamweleza Mama. Aliweka mwiko chini.

"Masanduku ya mbao tupu sebuleni kwangu? Wageni watadhani tunalaza maiti humu."

"Tutayafunika na vitambaa vyako, Mama."

"Nunueni zile za kung'aa, au msinunue kabisa."

Siku ya pili akasema nafasi haitoshi. Siku ya tatu akasema majirani watalalamika. Nilimwona mgumu, nikamjibu kwa ukali, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo. Baba ndiye aliyenikataza.

"Mwache mama yako. Haogopi masanduku."

Tulimpelekea koni, na baada ya wiki mbili mzee wa Burma akazileta spika kwa mkokoteni. Zilifika kiunoni, pembe zimeungana bila ufa, na ilihitaji watu wawili kuinua moja. Baba akagonga ubavu. Safari hii ulijibu kwa mshindo mfupi, kama ukuta. Mama alichukua kikapu akatoka kama anayekwenda sokoni.

Nikaunganisha nyaya. Baba akavua kofia, akakaa. Kwaya ilipoanza, nilimsikia Dada kabla sijajiandaa. Alikuwa pale upande wa kushoto, chini kidogo ya wengine, sauti yake nzito ikishikilia wimbo mzima. Baba alifumba macho. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu, wengine walipopumua, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kimezuiwa kwa kiganja. Kisha Dada akaingia kwenye ubeti akiwa amechelewa neno moja.

"Rudisha," Baba akasema.

Nikarudisha. Kikohozi kile kile.

"Alikuwa mgonjwa," akasema. "Siku ile alikuwa mgonjwa tayari. Mbona aliniambia ni mafua ya juzi tu, nilipompeleka hospitali?"

"Ulipompeleka alikuwa na miezi minne nayo," sauti ikasema nyuma yetu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kikapu kikiwa kitupu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, au kama alifika sokoni.

"Nilimsikia akikohoa kule jikoni," akasema. "Akanishika mikono akaniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utamtoa kwenye kwaya kabla hawajarekodi. Nikanyamaza. Nikadhani ni wiki mbili tu, kisha nitampeleka mwenyewe."

Nilingoja Baba apaze sauti, maana alikuwa mtu wa kupaza sauti. Alisogea kwenye kochi, akaacha nafasi.

"Njoo ukae, mama watoto."

Mama akakaa, kikapu bado mkononi. Baba akanifanyia ishara niendelee, nikabonyeza kitufe, kisha nikatoka nje. Nilizunguka mtaa hadi kiwanja cha mpira, nikatazama vijana wakicheza bila kujua nani anamfunga nani. Niliporudi kinanda kilikuwa kimezimwa. Mama alikuwa akimsimulia Baba mambo ya miezi ile minne, polepole, siku baada ya siku, naye Baba alikuwa akiuliza na kusikiliza. Nilipita kimya nikaenda kubandika chai.