Disko Juu ya Salamu za Baba

Baba alikuwa akituandikia kwa mdomo. Alikwenda Uarabuni kuwa dereva nilipokuwa na miaka kumi, na kama waume wengi wa Mji wa Kale waliokuwa huko, hakuona haja ya kalamu. Alinunua kanda ya mawaidha, akaviziba kwa karatasi vile vitundu viwili vya juu ili irekodike upya, akasema yake juu ya yale ya sheikh, kisha akampa mtu anayekuja Mombasa. Sisi tukishasikiliza tulijibu juu ya kanda ile ile na kumpa mtu anayekwenda. Kwa hivyo barua za baba hazikuwekwa. Jibu letu lilifuta maneno yake, jibu lake likafuta yetu, na hakuna aliyeona ajabu, maana daima kulikuwa na nyingine njiani.

Barua hizo zilikuwa na mpango wake. Kwanza salamu kwa bibi, mamake baba, ambaye ndiye mwenye nyumba tuliyokaa. Halafu mimi, niliyekuwa mwanawe wa pekee, halafu jirani mmoja mmoja mpaka muuza kahawa wa pale kona. Akishamaliza alikohoa kidogo na kusema, "Haya, sasa tokeni. Nina maneno na mke wangu." Hapo bibi hucheka, akanishika mkono, tukatoka ukumbini na kumwacha mama na mlango umefungwa. Bibi hunikonyeza tukiwa ngazini. Sote tulijua ni maneno gani mume aliye mbali humwambia mkewe.

Nilikuwa na miaka kumi na sita baba aliponyamaza. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kanda ya mwisho ilifika kabla ya Ramadhani, tukafunga, tukala Idi, tukafika mfunguo tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, nyingine haikuja. Na sisi pia hatukujibu. Bibi akiuliza, mama husema hajapata mtu anayekwenda. Basi ile kanda moja ikabaki, na kila Ijumaa baada ya alasiri bibi alitaka aisikie. Mama huiweka, salamu zikapita, baba akakohoa, na mama akazima pale pale, akairudisha mwanzo. Hakuna haja ya watu kutoka, alisema, kwani maneno yake ameshayasikia.

Sasa nije kwenye wimbo.

Miaka ile redioni kulizuka mtindo wa kuzichukua nyimbo za disko za wakati wa ujana wa mama zetu na kuzitia ngoma mpya. Sauti ilikuwa ya zamani, ya mwanamke fulani aliyeimba kabla sijazaliwa, lakini chini yake ngoma ilidunda kwa nguvu ya leo. Kulikuwa na mmoja uliokuwa ukipigwa Jumamosi mchana katika kipindi cha nyimbo zilizoombwa na wasikilizaji. Sikujua nusu ya maneno yake. Hata hivyo ulinishika pabaya. Ulinitia huzuni tamu, nikahisi nimepoteza kitu, na nilipojiuliza ni kitu gani sikukipata. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikuwa nimepoteza kitu bado.

Mama alikuwa na sababu zake. Siku moja wimbo ule ulisikika kutoka dirisha la ng'ambo ya kichochoro akiwa anamenya muhogo jikoni. Kisu kikasimama. Akaanza kuuimba kwa sauti ya chini, maneno yote, hata yale niliyokuwa nikiyababaisha mimi, na bega lake moja likawa linakwenda. Niliwahi kusikia kwamba kabla ya kuolewa mama alikuwa akienda disko la mchana na dada zake, amevaa viatu vya soli nene. Sikuamini. Mama niliyemjua mimi alikuwa na buibui, juzuu na shinikizo la damu. Bibi alipokohoa ukumbini, bega likatulia na muhogo ukaendelea kumenywa. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona, na nilimpenda kwa namna ambayo sikuwa nimempenda siku zote. Nikaamua kumrekodia ule wimbo.

Mama alikuwa na kanda tano za mawaidha ndani ya kopo la biskuti, zote za sheikh mmoja, zote na jalada la kijani. Nilikwisha kuiandaa moja siku za nyuma, nikaiziba vitundu kwa karatasi kama nilivyomwona baba akifanya. Jumamosi ilipofika, mama na bibi wakiwa wamekwenda kwenye hitima, nilifungua kopo na kuitoa ile yenye karatasi. Mtangazaji akautaja wimbo, akasema leo tutausikia wote, ule mrefu. Nikabonyeza kidude chekundu na kingine kando yake. Kwa dakika sita nzima sikuthubutu hata kupiga chafya.

Jumapili nilipata nafasi ya kuusikiliza, nimeegemeza sikio kwenye redio. Ngoma ikadunda, mwanamke akaimba, ngoma ikafifia. Nilikuwa nimenyoosha kidole nizime niliposikia mwanamume anasema, "Mke wangu."

Nilizima kabla ya neno la tatu. Kanda niliyoitoa ilikuwa ya baba, nayo ilikaa humo humo koponi. Ile yangu ilikuwa chini kabisa ndani ya kopo, nayo ina karatasi yake. Salamu zote za baba, "mamangu mpenzi" yake kwa bibi, jina langu alivyolivuta mwishoni, muuza kahawa na jirani zetu, yote yalikuwa yamekwenda. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na dakika sita za disko zilimtosha. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani ambapo sisi tungeweza kuisikia.

Mimi ni mwoga. Nasema wazi ili msomaji asinitarajie ushujaa. Sikuogopa kipigo, mama hakuwa mpigaji. Niliogopa uso wa bibi utakavyokuwa akingojea kuitwa mamangu mpenzi na asiitwe. Jumatatu nilifikiria kuitupa kanda baharini, nikatembea nayo ndani ya mkoba wa shule mpaka Liwatoni, nikasimama pale wavuvi wanapozikwangua mashua zao. Nikaona kuipoteza kabisa ni kumzika baba akiwa hai. Nikarudi nayo. Jumanne nilitoa betri za redio nikazificha kwenye gunia la mchele. Jumatano mama aliichomeka redio kwenye stima bila hata kuuliza betri ziko wapi. Alhamisi niliomba stima ipotee. Mombasa ile stima ilipotea tulipokuwa tukipiga pasi, ilipotea watu wakiwa harusini, ilipotea bila sababu. Juma lile haikupepesa.

Mara nyingi nilifungua kinywa nimwambie mama. Nikimwona anavyoifuta redio vumbi kwa ncha ya leso, kinywa kinajifunga chenyewe.

Siku hizi zile ngoma zimerudi tena. Vijana wanatengeneza nyimbo mpya zinazojidai kuwa za kale, na nikiwa harusini huwaona wanawake wa umri wangu wakiinuka nazo, macho yamelegea, wakikumbuka walichokumbuka. Wananivuta mkono niinuke. Mimi hukaa. Ngoma ikianza kufifia hushika kiti kwa mikono miwili, na hakuna niliyemweleza kwa nini.

Ijumaa ilifika. Alasiri ikaadhiniwa, wakaswali, bibi akaketi kwenye kiti chake cha kamba na kujinyooshea leso magotini. Udi ulikuwa ukifuka. Mama akaitoa kanda, akaitia, akabonyeza, akasimama kando ya redio kama kawaida yake, kidole kikiwa karibu na kidude cha kuzimia.

Ngoma ikapiga.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua bibi alikuwa ameinamisha kichwa mbele, na usoni mwake mlikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeitarajia hata kidogo.

"Imekuja nyengine?" akauliza. "Mwanangu kaleta nyengine, nanyi mwanificha?"

"Bibi..." nikaanza.

"Nyamaza, mjukuu wangu! Atutilia ngoma, babako. Hajambo huyo, akiwa na moyo wa ngoma hajambo. Ngojani tumsikie asemeje."

Akangoja, mikono imeshikana. Nikamgeukia mama anisaidie, na mama hakuwapo. Alikuwa amesimama pale pale, lakini hakuwapo. Wimbo ulikuwa umemchukua. Kidole kilikuwa kimeshuka kutoka kwenye redio, mkono unaning'inia, macho yanatazama dirishani juu ya mapaa, na kule chini ya leso mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu polepole. Alikuwa na sura ya msichana ambaye sikuwahi kumjua. Nilikuwa nimetamani kuiona sura ile. Niliiona, na ingawa nilijua ngoma inakaribia kwisha sikuacha kumtazama.

Ngoma ikafifia. Yale maneno ya kutuambia tutoke hayakuwapo tena. Niliyafuta mimi.

"Mke wangu," baba akasema. "Sikiliza kwa utulivu, wala usilie. Mimi huku nimeoa, na mke huyo hataki mke mwenza. Nimekupa talaka yako. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe kwa wakati wake. Nisamehe."

Mama alishtuka kwenye neno nimeoa. Alirusha mkono akazima, lakini kidole kiliteleza, na alipokipata kidude baba alikuwa ameshaomba msamaha.

Kichochoroni mtu alikuwa akigonga vikombe vya kahawa. Ndipo nilipoelewa kwamba hofu yangu ya siku sita ilikuwa ya mtoto, na kwamba mama alikuwa na yake ya miezi. Kila Ijumaa alisimama kando ya redio na kidole chake, kati ya kikohozi cha baba na talaka yake mwenyewe, ndani ya nyumba ya mama wa mume ambaye si mumewe tena. Wazazi wake walikuwa wamekufa. Kama bibi angesema ondoka, tusingekuwa na pa kwenda.

Mama akapiga magoti mbele ya kile kiti cha kamba. "Nisamehe, mama," akasema. "Naliogopa."

Kwetu Mombasa kuacha ni kuwata, na neno ni hilo moja tu, kwa mke aliyepewa talaka na kwa mzigo ulioshushwa njiani.

"Kakuwata yeye," bibi akasema. "Mimi sijakuwata. Inuka."

Mama hakuweza kuinuka. Bibi akamwekea mkono kichwani, ukakaa pale, na mama akalia kwa sauti ambayo lazima jirani waliisikia. Mimi nililia pia, kwa afueni zaidi kuliko kwa huzuni, na naona haya kusema hivyo. Nilidhani yamekwisha.

Kisha bibi akaniita.

"Labeka, bibi."

"Ngoma ile waliitia wewe?"

Nikamweleza yote, kopo, karatasi, Liwatoni.

"Na salamu zangu?"

"Zimefutika, bibi."

"Zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Hakunikemea. Angenikemea ningelala usingizi. Aliomba maji, akanywa, akasema magharibi inakaribia na anataka kutawadha.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda Marikiti kununua samaki. Hapakuwa na neno lolote jipya ndani ya nyumba. Walikuwa wamekunywa chai pamoja na kuzungumza habari za nazi. Nilikuwa darini naanika nguo niliposikia ngoma inaanza chini. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikashuka.

Bibi alikuwa peke yake ukumbini. Alikuwa amejiwashia. Hakujua kuipeleka kanda mbele wala kuirudisha nyuma, alijua kidude kimoja tu, kile alichomwona mama akikibonyeza kila Ijumaa, na mama alikuwa ameirudisha kanda mwanzo kama kawaida yake. Kwa hivyo alikuwa ameketi wima, tasbihi mkononi, mwanamke ambaye hakuwahi kuruhusu taarabu baada ya isha, akiusikiliza wimbo wote wa disko toka mwanzo. Hakuonyesha kuuchukia. Alikuwa anangoja upite.

Ukapita. "Mke wangu," baba akasema, na bibi akasogeza sikio karibu. Alisikiliza mwanawe akimwambia mkewe kuwa ameoa, akasikiliza talaka, akalisikiliza lile la kufichwa yeye, mpaka "nisamehe," mpaka ile sauti ya upepo mtupu inayobaki mtu akishanyamaza. Alipoinua macho akaniona mlangoni.

"Irejeshe," akasema.

"Nitaipeleka hapo anapoanza, bibi," nikamwambia. "Usiwe wakaa na ngoma yote ile."

"Wata ipige," akasema. "Yuko nyuma yake."

Nikairudisha mwanzo, nikabonyeza, nikaketi chini karibu na miguu yake.