Shemeji Alipoulizwa Habari

Shemeji yangu alikuwa mtu wa gazeti. Kule Unguja alikuwa na lake, kurasa nne, na kila wiki aliwasema Waingereza kwa lugha tamu hata wao wakalinunua. Baada ya mapinduzi aliponea chupuchupu, akanifuata Matrah, bandari ya Wamanga, ambako siku hizo hapakuwa na gazeti hata moja. Akawa anauza vitambaa dukani kwangu, vibaya sana. Mteja akiuliza bei, yeye humweleza nani anamnyonya mkulima wa pamba.

Dada yangu, mkewe, alikwama Mombasa. Bila kibali asingeingia, na kibali kilitaka mtu mkubwa wa kumsemea. Nilihangaika hadi sheikh mmoja mwenye sauti akakubali kutupokea. Njiani nikamsihi shemeji aniachie mimi maneno.

Sasa, Mmanga ana ada yake. Mgeni akishaketi huulizwa habari, naye hujibu hakuna habari, kheri tu, hata kama ametoka kumzika babake. Kisha hunywewa kahawa, na shida husemwa baadaye. Sheikh akamgeukia shemeji, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, akamuuliza habari.

Shemeji akakaa sawa. Kwa Kiarabu chake cha chuoni akaanza na Aden, akapanda Kairo, akaingia Vietnam, akarudi kwa Waingereza na mafuta ya watu. Nikamfinya paja. Akasogea kidogo, akaendelea. Uso wake uling'aa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona dukani, nami nilitamani kumziba mdomo kwa kilemba changu.

Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha ukaletwa udi, na ukishafukizwa udi mgeni huinuka. Tukainuka. Jina la dada yangu halikuwa limetajwa.

Kichochoroni nikalipuka. "Shemeji, mkeo! Si tulikwenda kwa ajili ya mkeo?"

Akasimama, furaha yote imemtoka. "Nnajua," akasema. "Lakini tangu nishuke hapa, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza habari."

Nilimpenda mtu yule, na nilimwonea uchungu dada yangu, ambaye sasa ilibidi nimwandikie aendelee kungoja.